Stara ya Wawili: Frances Burney na Alexandre d'Arblay

Historia huandikwa kwa majina ya wafalme, vita na mikataba. Mambo yapitayo ndani ya nyumba huachwa yafe pamoja na wenyewe, na maradhi ni mojawapo ya mambo hayo. Mgonjwa akipona hushukuriwa tabibu. Akifa huandikwa tarehe. Yule aliyekaa ubavuni pake usiku kucha, akapika uji, akabadili mashuka na kuyaficha machozi, hana ukurasa wake. Lakini maisha ya mume na mke mmoja wa zamani yameepukana na usahaulifu huo, kwa sababu mke alikuwa mwandishi, naye aliyaandika mambo ambayo wengi wa zama zake waliona haya hata kuyataja. Mke alikuwa Frances Burney wa Uingereza. Mume alikuwa Alexandre d'Arblay wa Ufaransa. Mke alipasuliwa kwa ajili ya saratani mwaka 1811. Mume alikufa kwa saratani mwaka 1818. Katikati ya maradhi hayo mawili ipo nyumba moja waliyoijenga wenyewe, ambayo hawakujaliwa kuimaliza.

Frances Burney alizaliwa tarehe 13 Juni, 1752, katika mji wa King's Lynn. Baba yake, Charles Burney, alikuwa mwalimu wa muziki na mwandishi wa historia ya fani hiyo. Mwaka 1778 binti alitoa riwaya yake ya kwanza, Evelina, bila kuitia jina lake, na baada ya muda mfupi London nzima ilikuwa ikiuliza nani aliyeiandika. Mwaka 1786 aliitwa kumtumikia Malkia Charlotte katika chumba cha mavazi. Heshima ya kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini uhuru wake ulikuwa mdogo. Alidhoofika hata akaruhusiwa kuondoka mwaka 1791, akapewa malipo ya uzeeni ya pauni 100 kwa mwaka.

Mwishoni mwa mwaka 1792 walifika katika wilaya ya Surrey wakimbizi wa Kifaransa, watu wa daraja ya juu walioponyoka mapinduzi ya nchi yao. Miongoni mwao alikuwako Bwana d'Arblay, askari aliyekuwa msaidizi wa Jenerali Lafayette. Alikuwa amepoteza cheo, mali na nchi kwa pamoja. Mwanamke huyu wa miaka 41, ambaye jamaa zake walikwisha kumhesabu katika wale wasioolewa, alimpenda mtu asiye na kitu. Baba hakuifurahia ndoa hiyo wala hakuhudhuria. Ilifungwa tarehe 28 Julai, 1793, kwa ibada ya Kiprotestanti, kisha ikarudiwa siku mbili baadaye kwa ibada ya Kikatoliki. Karibu riziki yao yote ilikuwa zile pauni 100 za Malkia. Mwezi wa Desemba, 1794, alizaliwa mtoto wao wa pekee, Alexander.

Umaskini wao ulikuwa wa kucheka zaidi kuliko wa kulia. Bwana d'Arblay, aliyezoea kuongoza askari, aligeuka mtunza bustani. Aliupogoa ua wa miti kwa upanga wake wa vitani, na tuta la mboga iliyochukua miaka kukomaa alilifyeka akidhani ni magugu. Mkewe aliyaandika hayo yote bila kumdharau. Kisha akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1796 alitoa riwaya iitwayo Camilla, na zaidi ya watu 1,000 waliinunua kwa kutanguliza fedha. Miongoni mwa majina yaliyopigwa chapa mwanzoni mwa kitabu lilikuwamo jina la msichana asiyejulikana bado, Jane Austen.

Fedha za kitabu ziligeuka mawe na mbao. Rafiki yao William Locke aliwapa kiwanja katika shamba lake kubwa huko West Humble, na Bwana d'Arblay akawa ndiye mchoraji wa ramani na msimamizi wa mafundi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa jinsi kazi ya namna hiyo inavyokwenda. Fedha hutangulia mbele na nyumba hufuata nyuma kwa kuchechemea. Kisima peke yake kilimeza majuma na fedha kabla maji hayajaonekana. Mwishoni mwa mwaka 1797 waliamua kuhamia kabla nyumba haijawa tayari. Siku ya kwanza walikuta moto wa kuni aliouwasha mume na benchi moja lililosahauliwa na maseremala. Walikula mkate na mayai, wakaliona benchi hilo bora kuliko viti vya jumba la Malkia. Nyumba ikaitwa kwa jina la kitabu kilichoilipia.

Hawakuwa wamekwisha kuzoea nuru ya nyumba yao ilipofika kodi mpya. Serikali ya Uingereza ilikuwa katika vita na Ufaransa, na waziri mkuu, William Pitt, alizidisha kodi, pamoja na ile iliyotozwa kwa hesabu ya madirisha. Mume na mke walikaa kitako, wakahesabu, wakakata shauri la kuziba madirisha manne mapya. Hivyo nyumba yao ilianza kupunguzwa kabla haijakamilishwa. Hata hivyo, katika barua za Frances hapana miaka iliyoandikwa kwa furaha kama ile. Nyumba haikuwa na samani ya kutosha, lakini ilikuwa na watu wa kutosha.

Mwaka 1801 Bwana d'Arblay alivuka bahari kwenda kutafuta haki zake nchini mwake, na mwezi wa Aprili, 1802, mkewe na mtoto walimfuata. Nyumba ya Camilla ilifungwa kwa nia ya kurudi karibuni. Mwezi wa Mei, 1803, vita vikazuka upya baina ya Uingereza na Ufaransa, na njia ya kurudi ikakatika. Safari iliyokusudiwa kuwa fupi ikawa ya miaka kumi. Mume aliyejenga nyumba moja kwa furaha alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia majengo. Akawa akiandika habari za majengo ya dola, na lake mwenyewe limebaki ng'ambo ya bahari mikononi mwa wapangaji.

Katika hali hiyo ya ugeni, mwezi wa Agosti, 1810, Frances alianza kusikia maumivu katika ziwa la kulia. Mume alimsihi aonane na daktari. Mke alikataa, alisema kujitunza kidogo kutatosha. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na neno hilo lilianza kutimia mwaka huo. Maumivu yalizidi, uvimbe ukakua, na mume akatafuta msaada wa rafiki zao wanawake ili wamshinde kwa wingi wa sauti. Hatimaye aliitwa Antoine Dubois, mkunga wa Malkia wa Napoleon. Daktari alimtazama mgonjwa, akasema maneno machache ya kupoza moyo, akatoka. Mume akamfuata nje. Aliporudi hakusema neno, lakini uso wake ulisema yote. Mke alisoma hukumu yake katika uso wa mumewe kabla haijatamkwa na mtu ye yote.

Ndipo alipofika Dominique-Jean Larrey, tabibu mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, mtu aliyebuni magari mepesi ya kuwatoa majeruhi katikati ya vita. Aliyezoea kukata viungo vya askari chini ya mizinga alitokwa na machozi mbele ya mwanamke huyu. Alijaribu kwanza dawa na uangalizi, na kwa muda kulikuwa na nafuu. Kisha uvimbe ukarudi kwa nguvu, madaktari wakakusanyika, wakaamua kwamba hapana njia ila kisu. Mgonjwa alikubali. Waliona si vyema kumpa siku. Walimwahidi kumwarifu saa chache tu kabla ya kazi.

Yafaa kukumbuka maana ya kisu katika mwaka ule. Nusukaputi ilikuwa haijajulikana Ulaya; etha ilionyeshwa hadharani huko Boston tarehe 16 Oktoba, 1846, na mafundisho ya Joseph Lister juu ya kuzuia uozo wa vidonda yalitangazwa mwaka 1867. Ajabu ni kwamba mwaka 1804 tabibu wa Kijapani, Hanaoka Seishū, alikuwa amekwisha kumpasua mwanamke mwenye saratani ya ziwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ya mitishamba. Lakini milango ya Japani ilikuwa imefungwa kwa mataifa mengi, na elimu hiyo haikufika Paris. Frances Burney alipewa kinywaji cha mvinyo tu.

Barua ya Larrey ilimfikia asubuhi ya tarehe 30 Septemba, 1811. Kazi ya kwanza ya mke haikuwa kuomba wala kulia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwondoa mume. Alikwisha kukata shauri kwamba d'Arblay asiwepo, asisikie, wala asijue saa yenyewe. Kwa msaada wa rafiki alitafutiwa shughuli ya haraka ofisini, naye akaenda bila kushuku. Kisha mke akaomba kazi icheleweshwe ili chumba kitayarishwe. Akapewa saa, na saa hizo zikaongezeka kwa sababu madaktari walichelewa. Aliingia ukumbini, akaona pamba, bendeji na sifongo vimepangwa. Akatoka, akaenda huku na huko. Aliandika maneno machache kwa mume na machache kwa mwana, yasomwe akifa.

Wakaingia wanaume saba waliovaa nguo nyeusi, bila kubisha hodi. Waliomba magodoro mawili na shuka kuukuu. Alipolala walimfunika uso kwa leso, lakini leso ilikuwa nyembamba mno, na kupitia uzi wake aliona mng'aro wa chuma. Aliona pia kidole cha daktari kikichora hewani mstari, msalaba na duara, akafahamu kwamba ziwa lote litaondolewa. Kazi ilichukua kama dakika ishirini. Alipiga kelele muda wote wa kukatwa, alizimia, akazinduka. Alipoinuliwa kupelekwa kitandani alimwona Larrey amepauka kama yeye mwenyewe, uso wake una matone ya damu, na sura yake imejaa huzuni. Mgonjwa akamhurumia tabibu.

Mume aliporudi alikuta kila kitu kimekwisha. Hapo ndipo penye fumbo la habari hii. Je, mke alitenda vyema kumwondoa? Kwa upande mmoja, kitendo hicho ni kilele cha mapenzi: mtu aliyekaribia kufa alitumia saa zake za mwisho kumsitiri mwenziwe asione. Kwa upande wa pili, alimnyima haki yake. Mume aliyemsihi kwa miezi mingi aende kwa daktari, aliyepokea hukumu mlangoni, aliyejua kwamba kisu kinakuja, alinyang'anywa mahali pake saa ilipofika. Stara ilikuwa kwake pazia, naye akaachwa upande wa nje.

Frances mwenyewe yaonekana alilifahamu jambo hilo. Miezi sita baada ya kupasuliwa, mwezi wa Machi, 1812, alianza kumwandikia dada yake Esther barua ya habari nzima, na hakuimaliza ila mwezi wa Juni. Kila alipojaribu kuendelea kichwa kilimwuma; kuyaandika maumivu kulikuwa kuyapata mara ya pili. Hakuthubutu kuyasoma tena aliyoyaandika. Sababu moja ya kuandika ilikuwa wazi: alitaka dada zake na wapwa zake, wakipatwa na dalili kama zake, wasikawie kama alivyokawia. Lakini barua ilikuwa na kazi nyingine pia. Kabla haijatumwa iliwekwa mbele ya d'Arblay, naye akaisoma kwa uchungu mkubwa, akaongeza maneno yake mwenyewe pamoja na ripoti ya kitabibu. Hivyo yule aliyeondolewa chumbani aliingizwa kwa kalamu. Pazia likageuka blanketi moja la watu wawili. Leo barua hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York.

Madaktari wa leo hubishana kama uvimbe ule ulikuwa saratani kweli, maana haukupata kutazamwa kwa darubini kama itakiwavyo sasa, na mgonjwa aliishi zaidi ya miaka 28 baadaye. Ubishi huo ni wa haki kwa elimu, lakini haubadili kitu kwa mume na mke wa mwaka 1811. Wao waliambiwa ni saratani, nao wakaishi chini ya neno hilo.

Mwaka 1812 mama na mwana walifanikiwa kurudi Uingereza, wakikimbiza kijana asiandikishwe katika jeshi la Napoleon. Baba alibaki. Amani ilipokuja mwaka 1814, na mume akavuka kuwafuata, waligundua kwamba nyumba ya Camilla haikuwa yao kama walivyodhani. William Locke alikuwa amekufa mwaka 1810, na mrithi wake alikuwa akiuza shamba. Nyumba ilisimama juu ya ardhi ya rafiki, na makubaliano yao yalitegemea zaidi wema kuliko hati. Wema ulizikwa pamoja na mwenyewe. Ilibidi nyumba iuzwe kwa bei isiyolingana na gharama yake, wala isiyolingana kabisa na miaka mingi ya kuiota. D'Arblay, aliyepanda miti pale kwa mkono wake, aliumia sana. Katika miaka yote ya ndoa yao waliishi ndani ya nyumba hiyo chini ya miaka mitano.

Vita vya Waterloo vya mwezi wa Juni, 1815, vilimkuta mke Brussels akisikia mizinga, na mume yu mbali katika utumishi wa mfalme wa Ufaransa. Baadaye d'Arblay alijeruhiwa mguu kwa teke la farasi huko Trier, na mke, mwenye umri wa miaka 63, alivuka nchi zilizojaa majeshi ili amfikie. Mwezi wa Oktoba walirudi Uingereza, wakapanga katika mji wa Bath. D'Arblay sasa alikuwa jenerali kwa cheo na mgonjwa kwa mwili. Safari zake za kwenda Ufaransa zilizidi kumchosha, na aliporudi mwishoni mwa mwaka 1817 mwili ulikuwa umekwisha kusalimu amri. Ilikuwa saratani ya mwisho wa utumbo. Safari hii hapakuwa na kisu cha kumwokoa.

Sasa zamu ilikuwa ya mke, na mizani ilipinduka ajabu. Yule aliyekuwa jasiri mbele ya kisu chake mwenyewe alishindwa kuutazama ugonjwa wa mwenziwe. Jenerali alijua kwamba anakufa, naye alitaka kuyanena hayo. Mke hakutaka kuyasikia. Alimwuguza majira yote ya baridi kali, akimlisha, akimgeuza, akingojea dawa zifanye kazi ambayo hazikuweza. Kila dalili ndogo ya nafuu aliishika kama mzama ashikavyo jani. Mara hii yeye ndiye aliyejiweka nje ya pazia. Lakini mume hakukubali kuondoka peke yake. Alimwita karibu, akamwusia azungumze habari zake na mwana wao, wala wasizungumze kwa machozi tu, bali pia kwa kicheko. Akamwambia kwamba fikira yake ya mwisho itakuwa ni kukutana kwao tena. Alikufa tarehe 3 Mei, 1818, mkono wake mkononi mwa mkewe, naye mke akakaa muda mrefu pale, akiamini kwamba amelala usingizi.

Mwaka 1819 Frances aliishika kalamu tena, akaandika habari za ugonjwa na kifo cha mumewe, akaimaliza kazi hiyo mwaka uliofuata. Hivyo aliandika mara mbili juu ya saratani: mara moja kama mgonjwa, mara moja kama mwuguzaji. Ni vigumu kusema ni kazi ipi iliyomgharimu zaidi. Katika ya kwanza alimweleza mumewe yale aliyomficha. Katika ya pili alijieleza mwenyewe yale aliyokataa kuyajua. Alimzika mwanawe pia, mwaka 1837, kisha akafa tarehe 6 Januari, 1840, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa Bath alikozikwa jenerali wake.

Wenye kuitazama habari hii kwa haraka husema kwamba ni habari ya ushujaa wa mwanamke mbele ya kisu. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni habari ya watu wawili waliojifunza, kila mmoja kwa wakati wake na kwa makosa yake, kwamba kumsitiri mpenzi si kumfungia mlango. Mgonjwa anayemficha mwuguzaji wake maumivu humwongezea mzigo wa kubahatisha. Mwuguzaji anayekataa kusikia neno la kifo humwacha mgonjwa alibebe neno hilo peke yake. Frances Burney alitenda yote mawili, na heshima yake ni kwamba aliyaandika yote mawili bila kujipamba.

Nyumba ya Camilla haikukamilika mikononi mwao. Ilizibwa madirisha, ikapangishwa, ikauzwa, na karne iliyofuata ikaungua kwa moto. Siku ile ya kwanza ya kuhamia, wenyewe walikaa juu ya benchi la maseremala wakala mkate na mayai, hali vyumba vi vitupu. Hawakungoja samani ndipo waiite nyumba. Miaka ishirini baadaye, katika vyumba vya kupanga mjini Bath, hawakuwa na chao ila kitanda cha mgonjwa na kiti kando yake. Na juu ya kiti hicho alikaa mtu.